Matangazo Yasiyo na Mwenyewe

Aminieli aliposhuka kutoka Bombo, kijijini kwao milimani, akiwa amevaa koti lake la kanisani siku ya kazi, Esta alijua kaka yake ana jambo. Aminieli hakuwa mtu wa kuja Same hivihivi. Joto la mjini lilimchosha, vumbi lilimkera, na kila alipoketi kwenye benchi la duka la mdogo wake alifuta viatu kwa karatasi zilizoharibika kwenye mashine, huku akishangaa jinsi watu wa tambarare wanavyoweza kuishi na upepo ule. Siku hiyo hakufuta viatu wala hakuutaja upepo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Acha hiyo kazi kwanza. Njoo uone."

Esta alikuwa na duka la steshenari karibu na stendi ya mabasi. Alipiga fotokopi, alichapa barua, aliwajazia vijana maombi ya vyuo mtandaoni, na alipiga picha za pasipoti mbele ya shuka la bluu lililopigiliwa ukutani. Alimwomba mteja amsubiri, akainamia simu ya kaka yake. Ilikuwa simu mpya.

Kwenye kioo palikuwa na picha ya mti wenye majani ya dhahabu, na chini yake maneno: Neema Bofya. Aminieli alieleza kama mtu anayeeleza ndoto aliyoiota macho wazi. Kila asubuhi wanakupa matangazo. Unabofya moja, unasubiri duara limalize kuzunguka, unabofya jingine. Ukimaliza, hela inaingia. Ili uanze unanunua daraja. La chini linaitwa Mche, la kati Shina, la juu Mti. Aliye Mti anapewa matangazo mengi kuliko aliye Mche. Na ukimwingiza mtu chini yako, unapata fungu.

"Wanakulipa kwa kuangalia matangazo tu?" Esta aliuliza.

"Makampuni yana hela za matangazo, Esta. Zamani walikuwa wanazipeleka redioni. Sasa wanatupa sisi wenyewe." Akamwonyesha ujumbe wa hela iliyoingia jana yake. Ilikuwa hela kweli, si porojo. "Wazee wenzangu kule juu hawana hizo email, hawajui pa kuanzia. Nitakuletea, uwasajilie hapa."

Esta hakuwahi kumkatalia Aminieli kitu. Baba yao alipofariki, Aminieli ndiye aliyebaki na jembe kwenye shamba la tangawizi, na tangawizi hiyo ndiyo iliyomvalisha Esta sare za shule mpaka kidato cha sita. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba, na hakuwahi kumsimanga nalo hata siku moja. Basi Esta akawasajili wazee wa kwanza walioletwa, wakicheka kwa aibu mbele ya kompyuta, wakimshukuru kama daktari. Na ili ajue anachowauzia watu, akajifungulia na yeye akaunti, daraja la Mche.

Akawa anabofya asubuhi kabla wateja hawajaanza kuingia. Haikumchukua muda kuona kwamba matangazo ni yaleyale yanayorudi: viatu vya ngozi, hoteli yenye bwawa la kuogelea, matenki ya maji, halafu viatu tena. Lile la matenki lilimvutia kwa sababu yake. Maji ya bomba pale mtaani yalikuwa yakija yanapotaka, na alikuwa anatafuta tenki la kuweka nyuma ya nyumba. Picha ilionyesha duka la Moshi, na ubao wa duka ulikuwa na namba ya simu. Akapiga.

Aliyepokea alikuwa mwenye duka mwenyewe, mzee aitwaye Abdulmajid, mwenye sauti nzito. Esta alipomtajia bei iliyo kwenye tangazo, mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Bei hiyo ni ya kabla mjukuu wangu hajazaliwa, mama. Umeitoa wapi?"

"Kwenye tangazo lako la mtandaoni. Tunalibofya kila siku huku Same."

"Tangazo langu mimi ni huo ubao uliopo mlangoni. Basi. Picha hiyo mtu ameiokota tu. Mimi sijamlipa mtu yeyote shilingi kwa ajili ya tangazo."

"Hujamlipa mtu?"

"Nimlipe wa nini? Na kama mnabofya kila siku hivyo, mbona dukani hamji?"

Esta alibaki na simu sikioni hata baada ya mzee kukata. Alipiga namba ya hoteli, haikupatikana. Alipiga ya viatu, mwanamke akamjibu kwa hasira kwamba yeye viatu aliacha kuuza siku nyingi, sasa anauza mitumba ya mapazia, na amechoka kuulizwa. Ndipo Esta akarudi kwenye Neema Bofya na kuisoma upya kama mtu anayesoma mkataba wa kiwanja. Hapakuwa na jina la mwenye kampuni. Hapakuwa na mtaa, mji wala sanduku la posta. Namba ya msaada ilikuwa ya nchi asiyoijua, haipokei simu, inajibu kwa maandishi tu, kwa Kiswahili cha ajabu: "Mpendwa mwanachama mtukufu, furaha yako ni muhimu sana kwetu." Akajaribu kutoa kile kidogo alichokuwa amejikusanyia. Akajibiwa kwamba ili atoe, apande kwanza kuwa Shina.

Hapo hesabu ikajipanga yenyewe kichwani mwake. Kama wenye matenki hawalipi, na wenye hoteli hawapo, na wenye viatu wanauza mapazia, basi hela iliyoingia kwenye simu ya Aminieli haikutoka kwenye tangazo lolote. Ilikuwa hela ya mzee aliyeketi kwenye kiti kilekile mbele yake juzi, akicheka kwa aibu. Na yeye Esta ndiye aliyembonyezea.

Jumapili akapanda Bombo. Huko juu kulikuwa na ukungu, na uani kwa Aminieli watu walikuwa wamejaa baada ya ibada kuliko hata waliokuwa kanisani. Kwenye viti vya mbele aliketi kijana mmoja aitwaye Rodgers, mgeni aliyesema ametoka makao makuu ya Neema Bofya, bila kusema makao makuu yenyewe yako wapi. Suruali yake ilikuwa na mstari wa pasi uliosimama kama kisu. Esta alimvuta kaka yake pembeni, jikoni, mama yao alipokuwa akigeuza sufuria ya makande.

"Kaka, hawa ni wezi."

Akamweleza yote, kuanzia kwa Abdulmajid. Aminieli alisikiliza akiangalia chini. Alipoinua uso, Esta aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona kwenye uso huo. Ilikuwa chuki, au kitu kinachokaa karibu sana na chuki.

"Mimi nimelipwa," alisema. "Nimelipwa mara ngapi, wewe unazijua? Unamwamini muuza matenki usiyemjua kuliko kaka yako?"

"Ulilipwa kwa hela ya Mzee Asheri, kaka. Ya Asheri na wenzake niliowasajili mimi mwenyewe. Watu wapya wakiisha, na hela imeisha."

"Nyie mliosoma," Aminieli akasema polepole, "hampendi kuona mkulima anashika hela bila kuja kuwaomba."

Mama yao aliacha kugeuza makande. Alimtazama Esta kwa jicho la kumwambia anyamaze.

Hakunyamaza. Rodgers alipomaliza kuhubiri, na alihubiri kweli, mpaka watu wakaitikia amina, Esta alisimama akauliza mbele ya wote: hao wenye matangazo ni akina nani, na nani hapa amewahi kuongea na hata mmoja wao? Rodgers akatabasamu.

"Tumpigie makofi dada yetu," akasema. "Ana wivu mzuri wa kutulinda. Lakini jamani, mtu anayeishi kwa kupiga fotokopi anaogopa nini kuliko teknolojia?"

Uani kukapasuka kicheko. Hata Mzee Asheri alicheka. Aminieli hakucheka. Alimwendea, akamshika kiwiko, akamwambia kwa sauti ya chini, "Kaa, Esta. Unanivua nguo mbele za watu." Esta hakukaa. Alichukua kanga yake akashuka barabarani, akasubiri gari la kurudi mjini huku ukungu ukimlowesha nywele.

Tangu siku hiyo alikataa kusajili. Mtu akija na simu yenye ule mti wa dhahabu, Esta alimkalisha akamweleza. Wengi walisikiliza kwa adabu, wakavuka barabara, wakaenda duka la jirani, wakasajiliwa. Wachache waliacha. Mmoja wa waliouliza alikuwa Nasha.

Nasha alikuwa mama wa Kimasai aliyemletea maziwa kila asubuhi kutoka tambarare, na kwa miaka waliyofahamiana alikuwa amekuwa rafiki kuliko muuzaji. Waliambiana mambo ya wanaume, ya watoto, ya ukame. Nasha aliposikia habari za Neema Bofya alimuuliza Esta, Esta akamwambia aache, akaacha. Lakini wanawake wenzake wakaanza kulipwa. Mmoja alipaua nyumba kwa bati. Mwingine alinunua pikipiki, akampa mwanawe afanyie kazi. Nasha akazungumza na mumewe, Leshan, kisha akarudi.

"Dada Esta, nisajili tu. Leshan amekubali tuuze mtamba."

"Sikusajili, Nasha. Utapoteza mtamba wako."

"Wenzangu hawajapoteza."

"Bado."

Nasha akafunga dumu lake. "Kaka yako ni Mti," akasema. "Watu wanasema nyie mmeshajaza ndoo zenu, sasa mnafunga bomba." Akalibeba, akatoka. Kesho yake maziwa hayakuja; Nasha alikuwa ameuza mtamba na kusajiliwa duka la jirani.

Esta alifanya jambo moja zaidi. Alikwenda kwenye ofisi aliyoelekezwa na watu kuwa ndiko malalamiko kama hayo yanakopelekwa, akaketi kwenye foleni kuanzia asubuhi. Kijana wa mezani alimsikiliza vizuri, hata akatikisa kichwa kwa huruma.

"Wewe umeibiwa kiasi gani, mama?"

"Mimi kidogo tu. Lakini wengine wataibiwa sana."

"Basi waje hao walioibiwa."

"Hawajui kama wameibiwa. Bado wanalipwa."

Kijana akafungua mikono. Bila mlalamikaji angeandika nini? Akachukua jina lake na namba yake, akamwambia watampigia. Hawakumpigia. Lakini alipokuwa akitoka mlangoni, alipishana na mwanamke wa Bombo aliyekuja kwa shida zake nyingine, wakasalimiana, wakaulizana habari za nyumbani.

Neema Bofya ilianza kufa kwa ujumbe wa heshima. Uliwaambia wanachama watukufu kwamba mfumo unaboreshwa, hela haziwezi kutoka kwa sasa, lakini wavumilie. Baadaye ukaja mwingine: kila mwanachama alipie uthibitisho wa akaunti, asiyelipia atafutwa pamoja na hela zake. Watu wakahaha. Waliouza mahindi wakauza na mbuzi. Aminieli alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa, na kikundi kilikuwa na akiba ya kununulia mashine ya kusaga tangawizi. Aliwaita wanakikundi, akawaambia akiba hiyo ikilipia uthibitisho wa wote, wiki hiyohiyo watanunua mashine mbili. Walimwamini. Alikuwa mzee wa kanisa, na kwa maisha yake yote hakuwahi kudhulumu mtu hata kikapu cha maharage. Akalipa.

Siku ya pili yake ule mti wa dhahabu haukufunguka. Ukurasa ulikuwa mweupe.

Simu ya Rodgers haikupatikana tena. Ila kabla ya kuizima alituma ujumbe wa mwisho kwenye kundi lao la WhatsApp. Esta aliuona baadaye, kwa sababu watu walimtumia kwa matusi. Rodgers aliandika kwamba anaumia sana. Kampuni ilikuwa tayari kulipa kila mtu, lakini kuna mwenye wivu mmoja wa Same mjini aliyekwenda kuishitaki serikalini, na serikali imefunga akaunti zote. Wamtafute huyo, alisema, wamuulize amefaidi nini. Jina hakulitaja. Hakukuwa na haja. Yule mwanamke wa Bombo alikuwa ameshasema alimkuta Esta wapi.

Kuibiwa ni aibu, na ile aibu ilikuwa nzito kuliko watu walivyoweza kuibeba. Ujumbe wa Rodgers uliwapa pa kuituliza. Wangeweza sasa kusema kwamba hawakudanganywa. Walikuwa na mali, na mtu akaiharibu. Wateja wakaacha kuingia kwenye duka la Esta. Wanafunzi waliokuwa wakija kuchapa kazi zao walivutwa mikono na mama zao. Asubuhi moja alikuta mlango umepakwa kinyesi cha ng'ombe, akausugua peke yake huku watu wa stendi wakitazama.

Ndipo mama yao akampigia simu, akamwambia apande nyumbani.

Aliwakuta wawili sebuleni, mama na Aminieli. Kaka yake alikuwa amekonda, na shingo yake ilielea ndani ya kola. Esta alimwamkia, naye akaitikia bila kumtazama. Esta alimwonea huruma hata akasahau aliyotendewa. Alitaka kumshika mkono. Alikuwa ameshaunyoosha Aminieli aliposema,

"Kikundi kinakaa leo hapa uani. Wanataka kunishitaki kwa ile akiba."

"Nitasimama nawe, kaka. Tutawaeleza kwamba na wewe uliibiwa."

"Hapana. Nataka useme ni wewe."

"Ni mimi nini?"

"Kwamba ulishitaki, ndiyo maana hela zikafungwa. Wameshaamini hivyo, Esta. Wewe useme tu, uombe radhi. Ukikubali, mimi nitakuwa mtu aliyeponzwa na ndugu yake. Nisipokuwa hivyo, mimi ni mwizi."

Esta alimgeukia mama yake. Alitegemea angalau hapo asikie neno. Mama alikuwa akichambua maharage kwenye ungo, na vidole vyake havikusimama.

"Sema tu, mwanangu," mama akasema. "Wewe unakaa mjini. Yeye ataishi nao hapa."

"Mama, mimi niliwaonya. Ulikuwepo jikoni. Ulinisikia."

"Nilikusikia," mama akajibu. "Na sasa nisikie mimi."

Waliingia uani mchana huo, wanakikundi wote na wengine wengi wasiokuwa wa kikundi. Aminieli alifungua kwa sala. Kisha akasema dada yake ana neno, akaketi, akafunika uso kwa viganja. Esta akasimama. Mbele yake walikuwa watu waliomjua tangu amebebwa mgongoni, na wengine aliwasajili kwa mikono yake, na hao hakuweza kuwatazama machoni. Kwa Mzee Asheri alianza na radhi, kwamba alimbonyezea bila kujua. Kisha akasema,

"Ni kweli nilikwenda kwenye ile ofisi. Nilikwenda ili wezi wakamatwe kabla hawajawamaliza. Sikusikilizwa. Hakuna akaunti iliyofungwa na serikali, hela zenu walizichukua walewale mliowapa. Na leo ningekwenda tena."

Walisikia nusu ya kwanza. Kelele ilianza pale aliposema ni kweli, na hayo mengine aliyasema ndani ya kelele. Mwanamke mmoja alilia akimuuliza watoto wake watakula nini. Mtu alirusha bonge la udongo, likampata begani. Aminieli alinyanyuka, akatandaza mikono, akawaomba wamsamehe mdogo wake kwa ajili yake. Aliomba vizuri, kwa machozi, na watu wakatulia kwa kumheshimu. Mzee Asheri alimkumbatia. Kikundi kikakubaliana kwamba mwenyekiti hana kosa.

Esta alishuka Same bila kula. Mwisho wa mwezi alihamisha mashine zake, akapanga chumba upande wa pili wa mji ambako wateja hawakuwa watu wa milimani. Akaanza upya na shuka lilelile la bluu. Krismasi hakupanda nyumbani. Alimtumia mama yake sukari na mchele kwa mtu wa gari, na mama alimpigia kushukuru, wakaongea habari za mvua.

Mvua ilipoanza kunyesha tambarare, Nasha alitokea kwenye duka jipya na dumu lake la maziwa. Alisimama mlangoni kama mgeni mpaka Esta alipomwambia aingie. Akatoa simu kwenye mkunjo wa shuka.

"Nisomee hii."

Ulikuwa ujumbe mpya, wenye nembo ya mizani. Ulisema wanasheria wa kimataifa wamezipata hela za waathirika wa Neema Bofya, na kila mmoja atarudishiwa zote, mradi atume kwanza ada ndogo ya kufungulia faili. Chini paliandikwa: "Mpendwa mwathirika mtukufu."

"Ni walewale," Esta alisema. "Usitume."

Nasha aliufuta hapohapo, bila kuuliza swali. Kisha akairudisha simu kwenye mkunjo wa shuka.

"Nilijua si wewe uliyetuponza," akasema. "Nilijua tangu siku ile. Wanawake walipokuwa wanakusema pale tunapouzia maziwa, nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, nani angenunua maziwa yangu?"

Alisema bila kujitetea, kama anavyosema ng'ombe ameugua. Esta alitafuta hasira ndani yake, akaikuta imechakaa kiasi kwamba haikumfaa. Akaleta sufuria. Nasha akampimia maziwa, akaongeza kidogo juu ya kipimo kama alivyokuwa akifanya zamani.

"Huo ujumbe nimeupata kwa kaka yako," akasema akifunga dumu. "Anawatumia watu wote. Yeye ameshalipa hiyo ada. Wanasema ameuza kile kipande cha shamba cha chini, cha tangawizi."

Esta aliweka sufuria mezani. Akachukua simu, akampigia Aminieli. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikakatwa baada ya mlio mmoja. Alipojaribu mara nyingine, sauti ya mwanamke wa kwenye mashine ikamwambia namba anayopiga haipatikani. Mteja aliingia, akauliza kama hapa wanapiga picha za pasipoti, na Esta akamwambia ndiyo, akae pale mbele ya shuka.